Mkono Utoao Dawa

Napenda wiki hii tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda likaonekana geni katika jarida la familia: namna ya kumpa dawa ya kunywa nyani au tumbili aliye katika kizimba cha utafiti. Nawaomba mama zangu na dada zangu wasiupindue ukurasa upesi. Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka kumi na miwili katika kituo kimoja huko bara, na kila nikirudi nyumbani Mombasa huulizwa maswali mawili. La kwanza ni iwapo siogopi kuumwa. Jibu lake ni fupi: naogopa, na asiyemwogopa nyani dume hajamwona akipiga mwayo. La pili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na wazee wetu: je, kazi hiyo inaridhiwa na dini? Mimi si mwanachuoni, na fatwa si kazi yangu. Ninaloliweza ni kueleza niliyoyaona katika pembe moja ndogo ya kazi ile, pembe ambayo upole na ukali hupambanuka waziwazi.

Utafiti wa aina hii si mgeni nchini mwetu. Taasisi ya utafiti wa nyani iliyoko Karen, Nairobi, chimbuko lake ni kituo alichokianzisha Louis Leakey huko Tigoni, karibu na Limuru. Kituo nilichokitumikia mimi ni kingine, nami nitakiacha bila jina. Nyani wa Afrika hupata kichocho cha matumbo wakiwa porini kama binadamu wanavyokipata, na kwa ajili hiyo wametumiwa sana kuuchunguza ugonjwa huo, ambao ndugu yake, kichocho cha mkojo, unawasumbua watoto wetu wa Kwale, Kilifi na Mto Tana. Katika vituo hivyo mnyama hupewa dawa kwa mdomo kwa sababu moja kati ya mbili. Ama yeye mwenyewe ni mgonjwa, ana minyoo, anaharisha au ana kidonda. Ama dawa yenyewe ndiyo inayochunguzwa kabla ya kupewa watu. Sisi tunazitenganisha sababu hizo katika madaftari yetu. Mnyama hazitenganishi. Anachokijua ni ladha iliyo kinywani na mkono ulioileta.

Njia ya zamani, ambayo bado haijatoweka duniani, ni ya nguvu. Kizimba cha maabara huwa na ukuta wa nyuma unaosogezwa. Ukivutwa, mnyama husukumwa mbele mpaka akabanwa asiwe na pa kugeukia. Hapo mmoja humshika kichwa, mwingine humpanua taya, na mpira mwembamba hupitishwa kinywani au puani hadi tumboni, kisha dawa ikamiminwa. Kazi humalizika kwa dakika chache, na dozi huwa kamili bila ya tone kumwagika. Ndiyo sababu njia hii ilipendwa. Lakini mpira ukikosea njia, dawa huingia mapafuni. Koo huweza kukwaruzwa. Na mhudumu huweza kuumwa, jambo ambalo halimaliziki kwa kufunga kitambaa. Kuna na hasara nyingine isiyoonekana. Mnyama aliyebanwa moyo humwenda mbio, kiasi cha homoni ya kotisoli katika damu yake hupanda, sukari hubadilika, na chembe za kinga hubadilika nayo. Mtafiti anayedhani kwamba anaipima dawa huwa anaipima na hofu pia, wala hawezi kujua ipi imefanya nini.

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walichapisha kitabu kilichoweka misingi mitatu ambayo hadi leo hufundishwa kwa kila anayeingia maabara ya wanyama. Wa kwanza ni kutafuta njia mbadala ili mnyama asitumiwe kabisa pale inapowezekana. Wa pili ni kupunguza idadi ya wanyama. Wa tatu ni kuyaboresha matendo yenyewe ili maumivu na hofu vipungue. Kumnywesha mnyama dawa bila ya kumbana ni tawi la msingi huu wa tatu. Kenya nayo ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ambayo inayagusa majaribio ya kisayansi. Hata hivyo, kitabu na sheria havishiki sirinji. Anayeishika ni mhudumu wa zamu, pengine saa kumi na mbili asubuhi, pengine akiwa na haraka.

Nilikuwa na tumbili jike mmoja ambaye taya lake lilivimba kwa sababu ya jino bovu. Daktari wa wanyama alimwandikia antibiotiki ya maji, mara mbili kwa siku, kwa siku saba. Jioni ile ya kwanza zamu ilikuwa ya watu wengine. Walivuta ukuta, wakambana, wakammiminia. Dozi iliingia yote. Asubuhi yake nilipofika na bakuli la ndizi, jike yule aliyekuwa na desturi ya kunyoosha mkono na kupokea njugu kutoka kwangu alikuwa ameketi pembeni amenipa mgongo. Hakugusa chakula mpaka nilipoondoka. Sirinji ilipoonekana alipiga kelele, na wenzake wa vizimba vya jirani wakapiga kelele pamoja naye. Hesabu ilikuwa rahisi: katika dozi kumi na nne, moja ilipatikana, na kumi na tatu zilizobaki hazikuwa na njia ya kupita ila kwa mapambano.

Daktari wetu, mtu mwenye busara, alikataa mapambano. Aliagiza dawa itolewe kwa sindano kwa siku chache ili uvimbe usizidi, na kazi hiyo akampa mhudumu mwingine aliyevaa nguo za rangi tofauti na zangu, ili mkono wangu usihusishwe na maumivu. Mimi nilipewa jukumu la kuirudisha imani. Siku ya kwanza niliiweka sirinji tupu juu ya kigoda nje ya kizimba, mahali anapoiona, nami nikaketi kimya. Kila alipoitazama bila ya kupiga kelele nilimpa njugu moja. Jioni niliishika mkononi. Kesho yake niliisogeza hadi kwenye wavu, na alipoinusa alipata kipande cha embe. Siku ya tatu niliipaka asali kwenye ncha, naye akairamba. Siku ya nne ilikuwa na maji ya embe, na alipovuta tone la kwanza akashika wavu kwa mikono miwili akaomba zaidi. Ndipo tukaanza kuchanganya dawa: kidogo sana, kisha nusu, kisha dozi nzima ikifuatwa na maji ya embe matupu. Alikunja uso, akatikisa kichwa, akanywa.

Msidhani kwamba kila mnyama huja upesi namna hiyo. Yule alikuwa na kumbukumbu ya wema wa zamani, na wema wa zamani ni akiba. Kwa mnyama aliyeletwa karibuni, asiyewazoea watu, mafunzo hayo huchukua majuma. Kanuni zake ni chache. Hatua iwe ndogo kiasi cha mnyama kuweza kuipita. Malipo yaje mara tu baada ya tendo, si baada ya dakika tano. Somo liwe fupi, likomeshwe mnyama angali anataka zaidi. Asinyimwe chakula wala maji ili njaa imlazimishe. Na kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni kwamba lazima awe na nafasi ya kuondoka. Akigeuka akaenda nyuma ya kizimba, asifuatwe. Mnyama anayejua kwamba anaweza kukataa ndiye anayerudi.

Njia ya pili, ambayo kila mama anaijua, ni kuificha dawa ndani ya kitu kitamu. Katika maabara za Ulaya na Marekani hutumia peremende laini, siagi ya njugu, ndizi iliyopondwa na jamu. Kwa nyani wadogo wa Amerika Kusini waitwao mamoseti, ambao porini hula utomvu wa miti, baadhi ya wahudumu hutumia gundi ya mgunga. Mimi mtoto wa Pwani nilitumia tende. Tende iliyotolewa kokwa ina mahali pa kuwekea tembe kana kwamba iliumbwa kwa kazi hiyo, na utamu wake ni mzito, hufunika uchungu mwingi. Utaratibu wake ni huu: tende ya kwanza hutolewa tupu, ya pili ndiyo yenye dawa, na ya tatu huonyeshwa wakati ile ya pili ingali kinywani, ili mlaji aharakishe kumeza. Ladha nazo zibadilishwe, leo tende, kesho ndizi, kesho kutwa kiazi kitamu, ili asijifunze kukishuku chakula kimoja.

Lakini nyani na tumbili wana siri waliyopewa na Muumba wao. Kila shavu lina mfuko ndani yake, na katika mifuko hiyo huweka chakula wakakitafuna baadaye wakiwa mahali pa salama. Tumbili huweza kuipokea tende, akaiweka shavuni, akakutazama machoni kwa utulivu, na ukishaondoka akaitoa, akaipasua, akala tende na kuiangusha tembe sakafuni. Mhudumu asiyeujua mfuko wa shavu huandika katika daftari kwamba dawa imemezwa. Anayeujua hungoja mpaka mashavu yote mawili yalale, kisha huikagua sakafu. Jambo jingine ni cheo. Wanyama wanaoishi kundini wana wakubwa na wadogo, na mkubwa humnyang'anya mdogo kitu kitamu bila ya kuona haya. Dozi ya mgonjwa ikaishia tumboni mwa mzima. Dawa ya jambo hilo ni kumfundisha kila mmoja mahali pake pa kusimama, mbele ya alama ya rangi yake, na kumlipa kila anayetulia mahali pake, akiwemo yule mkubwa.

Lipo kosa moja ambalo tulikatazwa kabisa, nalo ni kuichanganya dawa katika chakula chote cha siku au katika maji ya kunywa. Kwanza, huwezi kujua dozi gani imeingia. Pili, ambalo ni zito zaidi, mnyama akiumwa tumbo baada ya chakula hicho hukichukia chakula chenyewe. Mwaka 1955 mtafiti wa Marekani, John Garcia, na wenzake walionyesha kwamba panya waliokunywa maji matamu huku wakipigwa miali iliyowatia kichefuchefu waliyaepuka maji matamu baada ya hapo, hata pale yalipokuwa hayana madhara yoyote. Tumbo lina kumbukumbu yake. Mgonjwa aliye dhaifu akikichukia chakula chake cha kila siku, basi dawa imemwongezea maradhi.

Katika miaka hiyo yote nilikuwa nikiamini kwamba adui yetu ni uchungu. Imani hiyo ina msingi. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni chungu mno, na sehemu kubwa ya uchungu huo hutoka mahali pasipo na faida: molekuli zake ni za aina mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na ni aina moja tu inayowaua minyoo, ilhali nyingine huchangia uchungu. Watafiti waliitenga ile yenye faida, wakatengeneza tembe inayoyeyuka katika maji kwa ajili ya watoto wa kuanzia miezi 3 hadi miaka 6. Dawa hiyo ilijaribiwa kwa watoto wa Kenya na wa Ivory Coast, na mwezi wa Desemba 2023 shirika la dawa la Ulaya liliiunga mkono. Hiyo ni huruma iliyofanyiwa kazi na wanakemia, nami naiheshimu.

Ila kisa kimoja cha jirani zetu Tanzania kilinifanya niufikirie uchungu upya. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mhifadhi wa Kitongwe aliyekuwa mjuzi wa dawa za asili, walimfuata sokwe jike aliyeitwa Chausiku. Alikuwa mgonjwa, mzito, akilala mchana kinyume cha desturi. Wakamwona akiuendea mti mchungu ambao wataalamu huuita Vernonia amygdalina, akavunja chipukizi, akalimenya ganda, akautafuna moyo wake, akanyonya maji na kuzitema nyuzi. Mzee Kalunde aliutambua mti huo mara moja, kwa kuwa watu wake huutumia kwa maradhi ya tumbo. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nguvu. Hakuna aliyempaka asali, wala aliyemficha katika tende. Sokwe alikunywa kitu kichungu kwa hiari yake kwa sababu mwili wake ulikitaka na hakuna aliyemkamata.

Tangu nilipokijua kisa hicho, niliitazama sirinji kwa jicho jingine. Jike yangu wa taya aliijua ladha ya dawa. Hakudanganyika hata siku moja. Alikunja uso kila mara, na kila mara akaja. Tende humhadaa mgonjwa, na kuna siku ambapo hatuna budi. Sirinji iliyofunzwa kwa subira humshirikisha. Anajua kinachomjia, anakubali, na kesho yake bado ni rafiki yako. Uchungu huvumilika. Lililomfanya anipe mgongo siku ile ni kushikwa.

Sasa nifike kwenye lile swali la wazee, maana hapa ndipo lilipo. Tumbili aliyefunzwa kuja mwenyewe na kufungua kinywa amekupa kitu kikubwa. Na wewe mhudumu unajua kwamba siku nyingine katika sirinji hiyo hiyo huenda ikawamo dawa isiyo ya kumponya yeye, ila ya kujibu swali la watu. Je, upole wetu si chambo cha mvuvi? Swali hilo limeninyima usingizi. Nililoshika ni kwamba imani ya mnyama ni amana, na amana ina masharti. Kwanza, upole haulihalalishi jaribio lisilo na haja. Iulizwe kabla ya yote iwapo jambo hilo haliwezi kujulikana kwa njia nyingine. Pili, kukataa kwa mnyama kuandikwe na kuheshimiwe.

Sharti hili la pili liliwahi kuniingiza katika mvutano. Mtafiti mmoja alitaka nyani sita wanyweshwe kwa mpira kwa sababu mafunzo yalikuwa hayajakamilika na tarehe ya kuanza ilikuwa imefika. Aliniambia kwamba mnyama hana ratiba, utafiti ndio wenye ratiba. Nilimjibu kwa adabu kwamba katika nyani wale sita wanne walikuwa tayari, na wawili walihitaji majuma mawili zaidi. Sahihi yangu ya kushuhudia kwamba wako tayari sikuiweka. Kwa siku tatu sikujua kama nitabaki na kazi. Kamati ya kituo ilipoketi, daktari wetu alisema maneno machache tu: matokeo ya wanyama waliofadhaika hayatamfaa mtu. Utafiti ulisogezwa mbele kwa majuma mawili, na nyani wote sita wakanywa wenyewe.

Dini yetu haikulinyamazia jambo hili. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani ya mmoja wa Maansari akamkuta ngamia, ambaye alipomwona alilia na macho yake yakatoka machozi. Mtume alimpangusa nyuma ya masikio mpaka akanyamaza, kisha akamwita mwenye ngamia na kumwonya amche Mungu katika mnyama aliyemilikishwa, kwa kuwa alikuwa akimshindisha njaa na kumchosha. Tazameni mpangilio wake: mkono wa upole ulitangulia, na baada ya mnyama kutulia ndipo likaja suala la haki yake. Kumfanyia kazi ngamia hakukuharamishwa siku ile. Kilichokemewa ni namna ya kumtumia.

Na katika habari ya dawa yenyewe kuna hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipokuwa katika maradhi yake, watu wa nyumbani walimtia dawa kwa pembeni mwa kinywa. Yeye akawaashiria wasifanye hivyo. Wao wakadhani kwamba ni chuki ya kawaida ya mgonjwa kwa dawa, wakaendelea. Alipopata nafuu aliwauliza iwapo hakuwakataza, kisha akaamuru kila aliyekuwamo nyumbani atiwe dawa ile ile huku yeye akitazama, isipokuwa ami yake Abbas, ambaye hakuwapo. Walioifanya kazi ile walikuwa watu wampendao kuliko nafsi zao. Nia yao ilikuwa njema. Hata hivyo, ishara ya mgonjwa asiyeweza kusema ilikuwa na uzito wa neno, na waliipuuza kwa kudhani kwamba wanaijua maana yake. Kila nisomapo habari hii humkumbuka yule tumbili aliyenipa mgongo. Naye alikuwa ameashiria.

Mama mwenzangu, nyumbani kwako huna tumbili, ila unaye mtoto na pengine unaye mzazi mkongwe. Mtoto mchanga akaliwe wima, asilazwe chali. Sirinji ielekezwe upande wa ndani wa shavu, na dawa itoke kidogo kidogo ili apate kumeza. Asibanwe pua, kwa maana dawa yaweza kuingia njia ya pumzi. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hata kama ni ya kufunika uchungu. Mwachie mtoto mkubwa aichezee sirinji tupu, amnyweshe mwanasesere wake, achague kikombe chake. Wala usimwambie kwamba dawa ni peremende. Siku atakapoikuta chupa peke yake ataila kama peremende. Mwambie kwamba ni chungu, itapita, na maji ya embe yapo tayari.

Tembe usizisage wala kuzivunja kabla ya kumwuliza mfamasia, kwani nyingine zimefunikwa ili ziyeyuke polepole au zipite tumbo zikiwa nzima. Nyingine hazipatani na maziwa; antibiotiki za jamii ya tetrasaikilini, kwa mfano, huzuiwa na maziwa zisiingie mwilini vizuri. Na dawa isimwagwe katika bakuli zima la uji, kwa sababu zile zile tulizozitaja za panya wa Garcia.

Ama kwa wazee wetu, tende yenye tembe iwe ni ya mnyama asiyeelewa maneno. Mzee mwenye akili zake akifichwa dawa ndani ya chai amevunjiwa heshima, hata kama aliyeificha ni binti yake ampendaye. Aketiwe karibu, aelezwe dawa ni ya nini, aulizwe kinachomkera. Mara nyingi si ukaidi: tembe ni kubwa na koo ni kavu, au dawa humwamsha usiku kwenda msalani naye anaona haya kusema. Mambo hayo daktari aweza kuyarekebisha akiambiwa. Na yule ambaye akili zimemtoka, familia ikae na daktari kwanza kabla ya mtu mmoja kuamua jikoni peke yake.

Huenda wazee walioniuliza kuhusu uhalali wa kazi yangu bado hawajaridhika, nami siwalaumu. Mimi mwenyewe namwomba Mwenyezi Mungu ailete siku ambayo vizimba vile havitahitajika. Mpaka ifike, kuna viumbe ndani yake wanaongoja asubuhi na jioni, na kuna mtu wa zamu anayekuja na sirinji. Ninapowafunza vijana wanaoingia kazini sasa, huwaambia waketi kwanza juu ya kigoda, wanyamaze, wamwache mnyama awatazame hadi atosheke. Baadhi huona kwamba ninawapotezea wakati. Wengine baada ya wiki moja huja kunieleza, nyuso zikiwa zimewachangamka, kwamba leo amekuja mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azilainishe nyoyo na mikono ya wanaowauguza, na asitujaalie kuwa wazito wa kuziona ishara za wasioweza kusema. Amin. Wabillahi taufiq.